Pilsna Iliyoitwa Dada

Kazini walimwita Ulimi, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa mwonjaji katika kiwanda kikubwa cha bia, kazi ambayo ukiwatajia watu hucheka kwanza, halafu huuliza kama kuna nafasi. Hawakujua kwamba mwonjaji hajipaki manukato, haogi kwa sabuni inayonukia, hali kitunguu kibichi siku ya kazi, na akishikwa na mafua anarudishwa nyumbani kama dereva aliyevunjika mkono. Chumba cha kuonjea kilikuwa na vibanda vyembamba vilivyotengwa kwa mbao, kila kibanda na taa nyekundu, ili rangi ya bia isimdanganye mtu. Glasi ilipitishwa kwenye kidirisha. Unanusa, unaonja, unameza. Hapo kwenye kumeza ndipo watu waliposhangaa zaidi. Wa mvinyo hutema. Wa bia lazima ameze, kwa sababu uchungu wa bia hukaa nyuma kabisa ya ulimi, na huujui vizuri mpaka umeteremka kooni.

Mumewe, ambaye hakuwahi kupita mbele ya baa bila kuingia kusalimia, alivumilia miaka michache, kisha akasema hawezi kuishi na mke anayerudi nyumbani akinuka kimea, ile nafaka iliyooteshwa ya kutengenezea bia. Akaondoka na godoro, kwa madai kwamba yeye ndiye aliyelichagua. Ulimi hakumfuata, wala godoro hakulidai.

Mtoto wa kuzaa hakujaliwa. Wa kulea alikuwa naye: mdogo wake wa kiume, aliyebaki mikononi mwake mama yao alipofariki, akiwa bado anavaa kaptula za shule. Ulimi wakati huo alikuwa mwosha glasi tu pale kiwandani. Alimpeleka shule, akamfulia, akamchapa alipostahili, na mara nyingine alipokuwa hastahili, maana mlezi naye huchoka. Yule mtoto alijifunza kupika mapema. Akiivisha maharagwe, alimletea dada yake kijiko kabla hajala hata yeye, akasimama pale akimtazama usoni. "Yameshika chini," Ulimi angesema. Au, "Chumvi imekimbia." Siku aliyosema, "Hapa umeweza," mtoto alikula sahani mbili na kulala akitabasamu. Siku hizo zilikuwa chache.

Alipokua akawa fundi wa majokofu, na jina la Barafu likamganda. Alikuwa fundi kweli. Friji iliyokataliwa na mafundi watatu ilifufuka mikononi mwake. Akaoa mwanamke mchangamfu, mwenye ndugu wengi na sauti ya kupanga watu, wakapata binti mmoja.

Kiwanda kilipopata wenyewe wapya, waonjaji wakapunguzwa. Ulimi alipewa hotuba, saa ya ukutani, na ruhusa ya kwenda kupumzika kabla ya umri wake. Alikaa nyumbani akionja chai yake mwenyewe na kuikosoa. Ndipo Barafu alipokuja asubuhi moja, akakaa kwenye kiti cha jikoni akizungusha funguo kidoleni.

"Dada," alisema, "wewe una ulimi, mimi nina mikono. Tutakaa hivi mpaka lini?"

Alikuwa amepata jengo lililowahi kuwa duka la mkate. Vigae vyeupe vilikuwa vimepasuka ukutani, na tanuri la zamani lilikuwa bado kule nyuma, limejaa masizi. Barafu alinunua matangi chakavu ya maziwa, akayazungushia mabomba ya kupoozea, akayaunganisha na mashine za mafriji yaliyokufa. Ulimi alikuja na kofia ya plastiki na makoti mawili meupe, moja lake na moja la mdogo wake, akamwonyesha yote aliyoyajua. Kimea kinalowekwa hivi. Hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayoleta uchungu na harufu, huingia mara hii, na tena mara hii. Hamira ni kiumbe hai, haiamrishwi, inasubiriwa.

Bia za mwanzo walizimwaga mtaroni. Bata wa jirani walikunywa na kushinda wakitembea upande upande, na jirani akaja kulalamika, kisha akabaki kuangalia. Barafu alitaka pilsna, bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, kwa sababu ndiyo inayonywewa na kila mtu.

"Pilsna ni shati jeupe," Ulimi alimwonya. "Bia nyeusi unaweza kuificha ndani ya utamu wake. Pilsna haina pa kujificha. Doa dogo tu, linaonekana."

"Basi tutafua vizuri," Barafu alisema.

Ile miezi, ukimuuliza Ulimi hata leo, atakwambia ndiyo aliyoishi. Walikuwa wakikaa juu ya makreti yaliyopinduliwa, glasi mkononi. Barafu alimtazama usoni kama zamani za maharagwe. Yeye alinusa, akafumba macho, akameza. "Nyasi nyingi." "Maji yake hayajatulia." "Hapa mwisho inakata vibaya, kama mtu anayeondoka bila kuaga." Barafu alitikisa kichwa na kurudi kwenye matangi. Mpaka siku moja ikatoka bia iliyonukia ganda la mkate wa moto na majani yaliyokatwa asubuhi, ikauma kidogo nyuma ya ulimi, kisha ikaondoka na kuacha kinywa kisafi. Ulimi alikunywa glasi nzima. Barafu hakuhitaji kuambiwa.

Bia nzuri kwenye matangi mawili ya maziwa hailishi familia. Kukatakiwa mtaji, na mtaji ukatoka upande wa mke. Mjomba wa mke wa Barafu alikuwa muuzaji wa saruji na mabati, mtu mnene wa maneno, ambaye watu wote walimwita Mjomba hata wasiohusiana naye. Alileta tangi jipya, akaleta mafundi wa kupaka rangi, akaleta na haraka yake. Tangu hapo Ulimi akawa anaambiwa maneno matamu. "Wifi, pumzika sasa," mke wa Barafu alimwambia. "Magoti yako yale na sakafu hii yenye maji, kweli? Mambo yameshakaa. Tukikwama tutakuita." Akapumzika. Hawakukwama, au hawakuita.

Akaitwa siku ya kuonja.

Ilikuwa alasiri ya Jumamosi. Vigae vilikuwa vimezibwa nyufa, meza ndefu imetandikwa kitambaa, na Mjomba alikuwa amekaa kichwani mwa meza pamoja na wenye baa wawili na meneja wa hoteli moja aliyevaa suti. Mke wa Barafu alikuwa akipanga glasi. Barafu alimpokea mlangoni dada yake, aliyekuja amevaa koti lake jeupe la kazi, akamshika mkono, akampeleka mpaka mbele ya chupa moja iliyofunikwa leso.

"Funua," alisema.

Ulimi akafunua. Kwenye karatasi ya chupa, kwa herufi kubwa za kijani, palikuwa pameandikwa neno moja: DADA.

Wageni wakapiga makofi. Ulimi alisimama pale na leso mkononi. Barafu naye macho yalikuwa yamelowa. "Bila yeye nisingekuwepo," aliwaambia wageni. "Kula yangu, shule yangu, hata hii bia, yote mikononi mwake."

Wakamimina. Ulimi aliinua glasi yake kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ilikuwa safi. Povu lilikuwa limesimama, jeupe, likishika glasi kama inavyotakiwa. Akaisogeza puani.

Siagi.

Akaizungusha, akanusa tena, akitumaini kwamba ni kitambaa cha meza, ni mikono yake, ni kitu chochote kingine. Akaonja, akameza. Ganda la mkate lilikuwepo, hopsi ilikuwepo, lakini juu yake palikuwa pamelala utelezi kama wa bisi zilizomwagiwa siagi, na ule utelezi ukabaki kinywani hata uchungu ulipokwisha kupita. Aliijua ile harufu kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Hamira ikimaliza kuchachusha, huwa inaachiwa siku kadhaa kwenye joto lake ili ile siagi iliyoizalisha yenyewe iile tena. Ukiipooza mapema, inalala kabla ya kusafisha nyumba. Barafu alikuwa amepooza mapema. Fundi wa majokofu, na tarehe ya Mjomba shingoni.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "twende nje mara moja. Nina neno."

Barafu alicheka, kwa furaha tu, hakuwa na ubaya. "Dada anataka kulia, anaona haya," aliwaambia wageni.

"Hapana, hapana," Mjomba akaingilia. "Mtaalamu wetu asitoroke. Mama, hawa mabwana wamekuja kukusikiliza wewe. Umeonja miaka yako yote. Tuambie mbele yao: iko vipi?"

"Inahitaji muda kidogo," Ulimi alisema.

"Muda wa nini?"

"Wa kutulia."

"Mama, sisi watu wa biashara tunasema waziwazi. Ni nzuri au ina kasoro?"

Angeweza kusema ni nzuri. Amelirudia hilo mara nyingi baadaye, akiwa anafua, akiwa amelala macho wazi: angeweza kusema ni nzuri, akamwita mdogo wake pembeni jioni ile, wakairekebisha. Lakini alikuwa ameulizwa swali ambalo maisha yake yote alilipwa kulijibu, na chumba kizima kilikuwa kikimsubiri.

"Ina siagi," alisema. "Imepozwa kabla ya wakati. Haijawa tayari kuuzwa."

Meneja wa hoteli aliweka glasi yake mezani, taratibu, kama mtu aliyegundua ameshika kitu cha mwenzake. Mmoja wa wenye baa alinusa glasi yake, akakunja uso, akanusa tena. Yule mwingine, jitu la mabega mapana, alimaliza yake yote, akafuta mdomo.

"Mimi nimeipenda hivyohivyo," alisema. "Laini. Kama hiyo ndiyo siagi, basi niletee na mkate."

Wakacheka. Mjomba alicheka kuliko wote, akampiga Barafu mgongoni, akaagiza wamimine tena. Barafu hakucheka. Alikuwa amesimama na chupa mkononi, karatasi ya kijani ikiwaelekea wageni, na uso wake ulikuwa ule uso wa mtoto aliyeshika kijiko.

Wageni walipoondoka, mke wa Barafu akaanza kukusanya glasi kwa kishindo. Barafu alifunga mlango.

"Mbele ya watu, dada."

"Nilikuomba tutoke. Ukacheka."

"Ungesema ni nzuri. Neno moja tu. Hata mpita njia angeniambia ni nzuri."

"Mimi si mpita njia. Na bado inarekebishika, usikate tamaa. Ipashe joto kidogo, iongezee hamira changa inayochachuka, isubiri kama wiki mbili. Itajisafisha yenyewe."

"Wiki mbili. Mjomba ameshaahidi watu. Tangi lenyewe linasubiriwa."

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Ulimi alisema, na papo hapo akatamani angeirudisha kinywani.

Barafu aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia bei aliyoitegemea. "Unajua nini, dada? Tangu nina akili zangu unanionja. Maharagwe, daftari za shule, mke niliyemleta nyumbani, kila kitu nakuletea kwenye kijiko. Unaonja, unatema."

"Mimi sijawahi kutema," Ulimi alisema. "Kazi yangu ni kumeza."

"Basi leo umeze na hili. Nimekupa jina lako kwenye chupa, na wewe umenivua nguo mbele ya wakwe zangu."

Mkewe, mgongo ukiwa umewaelekea, aliongeza kwa sauti ya chini, "Watu wengine hawapendi kuona mwenzao anavuka." Barafu hakumkanya. Ulimi alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliacha juu ya kreti, akaenda zake kwa miguu.

Bia ikatoka vilevile na siagi yake.

Na watu wakaipenda. Hilo ndilo ambalo Ulimi hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa msiba: chupa zikirudishwa, Mjomba akifoka, Barafu akija jioni na kichwa chini, naye akimfungulia mlango bila kumlaumu. Alishayapanga hata maneno. Badala yake wenye baa waliagiza tena, kisha wakaagiza zaidi. Walisema ni laini, walisema inateleza, wanawake waliokuwa hawanywi bia walisema hii wanaiweza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote juu ya yule asiyesikia, guu likabaki zima, na akanunua gari.

Jina ndilo lililomtesa. Alikuwa kwenye foleni ya kununua mkaa, akasikia vijana nyuma yake: "Jana nimelala na Dada nne." Alipita mbele ya baa mchana, mhudumu akapaza sauti jikoni, "Dada mbili baridi." Ubao mkubwa ukapandishwa kwenye njia panda, chupa ya dhahabu yenye matone ya maji, na chini yake maneno: Hakuna kama Dada. Msusi wake, aliyejua kisa nusu nusu, alimuuliza huku akimchana, "Eti shangazi, si ndiye wewe uliyesema ile bia haifai?"

"Ndiye mimi."

"Mbona tunaipenda?"

"Kupenda ni kwenu," Ulimi alisema. "Mimi niliulizwa ikoje."

Msusi akacheka, na mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa umepata jibu lile, limeongezwa chumvi njiani.

Alikwenda kiwandani kwa Barafu mara mbili. Mara ya kwanza mlinzi alimwambia bosi hayupo, na gari la bosi lilikuwa limeegeshwa nyuma ya mlinzi. Mara ya pili mlinzi, ambaye alikuwa mtu wa haya, alimpa kiti chake mwenyewe na kumwacha akae kivulini muda mrefu, mpaka Ulimi akamhurumia akaondoka. Simu zake zilijibiwa na wifi yake. "Yuko kwenye kikao, wifi. Nitamwambia." Sauti ilikuwa ya upole uliopigwa pasi.

Pua ndiye aliyebaki wa kuongea naye. Pua alikuwa mwonjaji mwenzake wa zamani, kibanda cha jirani, mwanamke mfupi aliyeweza kukwambia kwa kunusa tu kwamba mlango wa ghala la kimea uliachwa wazi usiku. Walikuwa wakikutana kwa Pua, chumba kimoja chenye kitanda na televisheni, wakinywa chai isiyo na viungo kwa mazoea.

"Uliyosema yalikuwa kweli?" Pua alimuuliza.

"Kweli tupu."

"Na uliposema, ulijisikiaje?"

Ulimi alizungusha kikombe chake. Pua hakuwa mtu wa kudanganywa, pua yake ilisikia hata maneno.

"Kuna kitu kidogo kilinifurahisha," Ulimi alisema mwishowe. "Si kwamba kaharibu. Ni kwamba miezi ile walikuwa wameniambia nipumzike. Halafu ghafla wote wakageuka, wakanitazama mdomoni. Nikasema, nao wakasikia. Kwa nukta moja hivi, Pua, nilijiona niko kazini."

"Basi na yeye alikiona hicho," Pua alisema. "Siagi angekusamehe."

Mwaka ukapita, na mwingine ukashika njia. Siku ya kuzaliwa kwa Pua wakajivika nguo za kutokea, wakaenda kwenye mgahawa mmoja wenye viti vya uani. Ulimi alitaka maji. Pua, kwa ukaidi wake, akaagiza Dada moja na glasi mbili.

"Sinywi hiyo."

"Hunywi. Unaonja. Nataka kuijua hiyo siagi iliyovunja ukoo."

Mhudumu akamimina. Pua akanusa, akainua nyusi, akamsogezea mwenzake. Ulimi alinusa kwa kujilazimisha, kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Kisha akanusa kwa kutafuta. Halafu akafumba macho, akaonja, akameza, akasubiri.

Siagi haikuwepo. Haikuwepo kabisa, hata ule mvuke wake unaobaki chini ya glasi bia ikipata joto. Ganda la mkate lilikuwa wazi, majani yaliyokatwa yalikuwa wazi, na uchungu ulikuja mahali pake, mkali, ulionyooka, ukauma kiasi chake, ukaondoka umeaga. Ilikuwa bora kuliko ile waliyoinywa juu ya makreti. Ilikuwa bora kuliko bia zote zilizowahi kupitishwa kwenye kidirisha chake kwa miaka yote ile. Mtu aliyeitengeneza alikuwa ameisubiri hamira. Alikuwa amesikia kila neno.

"Ameirekebisha," alisema.

"Ameirekebisha," Pua aliitikia. "Na hajaja kukwambia."

Ulimi alitoka nje ya uzio wa mgahawa, akasimama karibu na mapipa ya taka palipokuwa na utulivu, akapiga simu. Safari hii ilipokewa na mwenyewe.

"Dada," Barafu alisema. Nyuma yake chupa zilikuwa zikigongana kwenye mashine.

"Nimeionja leo. Imetakata."

Chupa zikaendelea kugongana.

"Wengine wanalalamika," Barafu alisema. "Wanasema ya kwanza ilikuwa laini, hii imekuwa kali. Mjomba anataka turudi kulekule."

"Usirudi. Uchungu wake uko sahihi. Hapo ulipoifikisha hata mimi nisingeweza. Mdogo wangu, umeweza."

Alilisema lile neno alilokuwa akilibania tangu siku za maharagwe, akalisema kwa moyo wote, huku akilia kimyakimya kando ya mapipa. Upande wa pili mtu alivuta pumzi. Ulimi akadhani sasa kitafunguka.

"Sijakuuliza, dada," Barafu alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. Kisha akasema ana kazi, wataongea.

Waliongea, kwa namna fulani. Hawakuwa maadui, na pengine hapo ndipo ubaya ulipokuwa, maana uadui huwa na siku ya suluhu. Ulimi alipolazwa kwa ajili ya goti, Barafu alituma gari kumpeleka hospitali na gari kumrudisha, na dereva alikuwa na adabu sana. Bahasha ilikuja kila mwisho wa mwezi, mkononi mwa mlinzi yule mwenye haya. Aliipokea, kwa sababu kuikataa kungekuwa maneno mengine.

Binti wa Barafu alipomaliza masomo, shangazi alialikwa. Nyumba ilikuwa mpya, yenye ngazi pana na bustani nyuma. Mahema mawili yalikuwa yamesimamishwa, na Mjomba alikuwa pale, amezeeka kidogo, maneno bado manene. Wifi yake alimkumbatia vizuri, akamkalisha kiti cha mbele kama inavyostahili wifi mkubwa. Binti alimpigia magoti, akambusu mkono, na ule ulikuwa upendo wa kweli. Ulimi aliuhisi.

Wahudumu wakapita na sinia za bia baridi, glasi ndefu zilizojaa dhahabu, povu limesimama. Wageni wa meza yake wakachukua. Yeye naye akanyoosha mkono. Upepo wa bustani ulikuwa umemletea harufu yake kabla sinia haijafika, na alikuwa ameshajua kwamba Barafu hakurudi kulekule. Alikuwa amemkatalia Mjomba.

Sinia haikufika. Barafu mwenyewe alitokea nyuma ya mhudumu, amevaa shati la mikono mirefu, nywele zimeanza mvi pembeni. Mkononi alikuwa na chupa ya soda ya machungwa iliyotiwa mrija.

"Dada yangu siku hizi hanywi," aliwaambia wageni kwa tabasamu la mwenye nyumba. Akainama, akaiweka soda mbele yake, akageuza mrija umwelekee.

Wakatazamana. Ulimi aliona kwamba mdogo wake hakuwa akimtania, wala hakuwa akimwadhibu. Alikuwa akiogopa. Bustani nzima, mahema yote, na mtu mzima mwenye mvi alikuwa bado anaogopa uso wa dada yake ukionja.

"Asante," Ulimi alisema. "Hii inanitosha."

Barafu alimshika bega kidogo, akaenda kwa wageni wengine. Ulimi akavuta mrija. Soda ilikuwa ya moto, imekaa juani. Mgeni wa pembeni, mama mmoja mwenye kilemba, akamuuliza yeye ni nani kwa mwenye sherehe, naye akamjibu kwamba ni shangazi yake, upande wa baba. Akanywa mpaka chini, kwa sababu Barafu alikuwa akigeuka mara kwa mara kumtazama kutoka upande wa pili wa hema, na kila alipogeuka, Ulimi alijitahidi uso wake usiseme kitu.